Nimetolewa kizazi wiki tano zilizopita na mume anarudi: nianze lini, kitandani na kazini?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 43, watoto wanne, naishi Muheza. Wiki tano zilizopita nilitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe ulionimwagisha damu karibu miaka mitatu. Walinipasua tumboni, mkato wa chini wa kulala. Nyuzi za nje zimeshatolewa, kovu limekauka, na maumivu ni kidogo sana. Siku ya kuruhusiwa niliambiwa tu, "usifanye kazi nzito, urudi baada ya wiki sita." Mume wangu ni dereva wa lori la Lubumbashi, aliondoka kabla sijapasuliwa, anarudi wiki ijayo. Je, tunaweza kukutana? Mimi nauza machungwa, nayatoa shambani na kuyabeba mwenyewe hadi barabarani. Nianze lini? Na wifi yangu anasema mwanamke asiye na kizazi ndani ni shimo tupu, hasikii raha wala hampi mwanamume raha. Silali kwa mawazo.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole na upasuaji, na pole zaidi kwa miaka mitatu ya kumwaga damu. Wagonjwa wangu wamenieleza maisha hayo: kulala juu ya kanga zilizokunjwa mara tatu, kukaa safari nzima ukiogopa kuinuka kwenye kiti, kuona giza ukisimama ghafla. Hilo limekwisha. Sasa tusiharibu kazi nzuri iliyofanyika kwa haraka ya wiki mbili tatu.

Nianze na la mume kwa kuwa ndilo lenye tarehe. Wiki ijayo bado. Nasema bado kwa tendo lenyewe la kuingiliana, si kwa mapenzi yote, na hayo mengine nitayafikia. Ngoja kwanza ukaonwe na daktari wiki ya sita kama ulivyopangiwa, na hata akikuambia pamepona vizuri, ushauri wangu ni ufikishe wiki nane kamili. Tena nitakueleza kwa nini, maana katazo lisilo na maelezo huvunjika usiku wa kwanza. Aliyekuruhusu kwa sentensi moja alikupunja. Ulistahili kuketi chini ukaelezwa taratibu, ukauliza, ukaelewa.

Una majeraha mawili, mdogo wangu, nawe unalitazama moja tu. La kwanza ni hilo la tumboni, ambalo unaliona ukioga na unaweza kuligusa. La pili liko ndani, juu kabisa ya uke. Kizazi hukaa juu ya uke, na shingo yake hushuka ikachungulia ndani. Kinapotolewa pamoja na shingo, pale juu panabaki wazi, kwa hiyo daktari hupashona. Fikiria soksi: mdomo wake ni kule nje, na mshono wa vidoleni ndio ule wa ndani. Huo mshono huuoni, hauumi sana kwa sababu sehemu ile haina hisia kali kama ngozi, na hakuna anayekuja kutoa nyuzi zake, kwa kuwa ni nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Ndiyo sababu mtu husikia amepona ilhali bado.

Nyuzi zinazotumika sana kwa kazi hiyo hupoteza nguvu ya kushikilia mnamo wiki ya nne hadi ya tano, ingawa vipande vyake hukawia mwilini hadi karibu miezi miwili, na usishangae ukiona kauzi kadogo kwenye pedi. Yaani wiki hii hii unayoniandikia ndiyo uzi unaukabidhi mwili wako kazi. Nao mwili bado unajenga. Jeraha lolote lililoshonwa, likifika wiki ya tatu, huwa na kama asilimia 20 tu ya nguvu ya nyama iliyokuwapo awali. Baada ya miezi mitatu hufika asilimia 80 hivi, na haliendi zaidi ya hapo maisha yote. Wewe uko katikati ya safari hiyo. Kovu la nje kukauka ni dalili njema, ila halikuambii lolote kuhusu mshono wa ndani.

Nimewahi kumpokea usiku mama mmoja aliyekuwa wiki ya nne. Kovu lake lilikuwa zuri kuliko mengi niliyoyaona. Walikutana na mumewe, wakasikia kama kitu kimeachia, kisha damu na majimaji mengi, na alipofika kwetu utumbo ulikuwa umeanza kuchungulia ukeni. Tulimrudisha chumba cha upasuaji usiku ule ule na akapona. Kilichonikaa moyoni ni mume wake, aliyekaa korido hadi asubuhi akirudia kuwa hakuna aliyewaambia. Sikusimulii hili ili uogope maisha yako yote. Mshono wa ndani kuachia ni jambo la nadra: kwa waliopasuliwa tumboni kama wewe ni chini ya mmoja katika mia. Waliofanyiwa kwa matundu madogo na kamera hupata zaidi kidogo, ndiyo maana wao mara nyingi huambiwa wasubiri hadi wiki kumi na mbili. Ila kwa mwanamke ambaye bado hajafikia kukoma hedhi, kinachousababisha zaidi ya kingine chochote ni kuingiliana mapema. Ni ajali ambayo subira inaizuia.

Ikitokea hata hivyo, kwako au kwa jirani yako, jueni la kufanya. Alale chali, magoti yakunjwe. Kama kuna kitu kimetoka, kisisukumwe ndani. Kifunikwe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi. Asile wala asinywe, na apelekwe hospitali yenye chumba cha upasuaji, si zahanati.

Wiki ya sita ukienda kliniki, hakikisha unapimwa kwa ndani. Nasisitiza kwa sababu nimeona wanawake wengi wakitazamwa kovu la tumbo, wakaambiwa "umepona," wakarudi nyumbani. Daktari atumie spekulamu, kile kifaa cha kufungulia uke, autazame mshono wote, kisha auguse kwa kidole polepole. Haichukui dakika tano. Wakati mwingine hukuta kinyama chekundu kimeota kwenye mshono. Hicho si saratani wala si uvimbe kurudi. Ni nyama ya kuponya iliyozidi, na ndiyo hufanya mtu aone matone ya damu. Huguswa na dawa palepale ikakauka. Akikuta hivyo, wiki zako zinaongezeka kidogo, na usione kama ni adhabu.

Majimaji ya rangi ya kahawia au waridi hafifu hadi wiki ya sita ni ya kawaida. Damu nyekundu inayolowesha pedi ndani ya saa moja si ya kawaida. Harufu mbaya, homa, au maumivu ya nyonga yanayoongezeka badala ya kupungua si ya kawaida. Mkojo unaovuja wenyewe mchana na usiku bila wewe kwenda chooni nao si wa kuuficha kwa aibu. Kwa lolote kati ya hayo, usingoje tarehe ya kliniki.

Sasa hayo mapenzi mengine. Mume amekaa mbali, nawe umepitia kisu peke yako. Mna kiu ya kuonana, na kiu hiyo si ya tendo moja tu. Kulala mmekumbatiana, kushikana, kubusiana, kusingwa mgongo na miguu, kuogeshana, hayo yote yanaruhusiwa leo, alimradi hakuna uzito juu ya tumbo lako. Wewe kumridhisha yeye kwa njia nyingine, kama mmezoea na mnapenda, hakuna jeraha lako linalodhurika. Yeye kukugusa kwa nje, kama majimaji yameisha na huna maumivu, mimi sioni ubaya kuanzia wiki ya sita. Ila kisiingizwe kitu chochote ndani: si kidole, si kisodo, si maji ya kujisafisha, si dawa. Chochote.

Na hapa naomba simu umpe shemeji asome. Shemeji, salaam, pole na safari. Mkeo hajakataa na wala hajakuchoka. Ndani yake kuna mshono ambao haujakamaa, na ukiuvunja, kitanda kitageuka machela. Umesubiri foleni Kasumbalesa na Tunduma bila kupindua lori, kwa hiyo kungoja unakujua. Wanaume wengi hunijia kliniki wakiwa na hofu ambayo hawaisemi: nikimwingilia nitamuumiza, nitakuta nini mle ndani? Matokeo yake wengine hukaa mbali kabisa, hata mkono hawamshiki, na mke anaelewa kuwa ameachwa. Usifanye hivyo. Nenda naye kliniki wiki ya sita, uliza mwenyewe, usikie kwa masikio yako.

Tukirudi kwako. Siku itakapofika, ya wiki nane au zaidi, msianze usiku wa uchovu. Chagueni wakati ambao watoto wamelala na wewe hukushinda juani. Kojoa kwanza. Anzeni kwa mikono na maneno kwa muda mrefu kuliko mlivyozoea, kwa sababu woga peke yake hukausha uke na kukaza misuli, na uke mkavu ukilazimishwa huchubuka. Tumieni kilainishi cha maji kinachouzwa duka la dawa. Mafuta ya nazi safi nayo yanafaa kwa jeraha lililopona, isipokuwa yanaharibu kondomu za mpira, kwa hiyo viwili hivyo visikutane. Mate hayatoshi, yanakauka upesi.

Mkao ulio salama zaidi ni ule unaokupa wewe usukani: wewe juu yake, ukishuka kiasi unachotaka na kusimama ukitaka. Au mlale ubavu, yeye nyuma yako. Mara chache za kwanza aache kuingia hadi mwisho, na aache kukulalia tumboni. Kusikia mvuto kidogo au ugeni ni kawaida. Maumivu makali kama ya kuchomwa si kawaida. Hapo mnasimama, na siku inayofuata si siku ya kujaribu tena kwa nguvu. Matone machache ya damu mara ya kwanza yanaweza kutokea, yakiendelea au yakiwa mengi rudi kliniki.

Suala la kondomu nalisema bila kumhukumu mtu. Mimba haiwezekani tena, hilo limefungwa. Magonjwa yanawezekana kama zamani. Miezi ya kwanza nyama changa ya pale juu ni mlango mwepesi kwa maambukizi, kwa hiyo kondomu ingewafaa kwa muda huo hata kama hamkuizoea. Kupima VVU pamoja ni bure katika vituo vya serikali. Mkienda kliniki ya wiki ya sita, mpite na huko, mtarudi na jambo moja pungufu la kuwaza.

Sasa wifi yako. Nimelisikia hilo la "shimo" kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa wasomi na wasiosoma, na linaniumiza kila mara kwa kuwa limevunja nyumba za watu. Halina ukweli. Uke hauko wazi kwa juu. Nimekwambia umeshonwa kama soksi. Mahali kizazi kilipokuwa, utumbo na kibofu husogea na kukaa, hakuna uwazi unaobaki. Kizazi chenyewe, bila uvimbe, ni kitu cha ukubwa wa ngumi au hata pungufu. Chako kilikuwa kikubwa kwa sababu ya uvimbe, si kwa sababu ya uke wako. Na mwanamume haingii kwenye kizazi. Huingia ukeni, na uke wako uko pale pale na kuta zake zile zile.

Raha yako nayo haikukaa kwenye kizazi. Mishipa ya hisia iliyo mingi iko kwenye kisimi na kwenye mlango wa uke, na kisu hakikufika huko. Ute wa kulainisha hutoka kwenye kuta za uke. Wako wanawake wanaosema kufika kileleni kumebadilika kidogo, kwa sababu zamani walisikia kizazi kikijikaza na sasa hawakisikii. Hilo ni kweli kwa baadhi, siwezi kulificha. Lakini wengi zaidi hupata nafuu. Huko Maryland, Marekani, watafiti waliwafuata wanawake 1,101 waliotolewa kizazi kwa matatizo yasiyo ya saratani, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Kabla ya upasuaji, karibu 19 katika kila 100 walikuwa wakiumia wakati wa tendo. Mwaka mmoja baadaye walibaki kama 4 katika kila 100. Wala haishangazi: nani atafurahi kitandani akiwa na uvimbe unaogongwa, na damu asiyojua itaanza saa ngapi?

Kitu kinachobadilisha hamu na ute ni homoni, na homoni hutoka kwenye ovari, vile vifuko viwili vya mayai. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari wako ni hili: ovari zangu zimeachwa au zimetolewa? Zikiwa zimeachwa, na kwa umri wa miaka 43 mara nyingi huachwa, hutaona hedhi tena lakini mwili wako bado uko kwenye ujana wake. Zikiwa zimetolewa zote mbili, unaingia kwenye kukoma hedhi kwa mkupuo mmoja: joto la ghafla, jasho la usiku, uke kukauka, hamu kushuka. Hayo yana tiba, vidonge au krimu ya estrojeni, kulingana na majibu yako. Usivumilie kimya ukidhani wifi alisema kweli.

Nakuomba pia usijaribu kumthibitishia mtu chochote kwa shabu, ndimu, au dawa za kubana zinazouzwa kwa siri. Najua zinavyosifiwa pwani yetu yote. Shabu hukausha na kuunguza, na kuiweka kwenye mshono ambao ndiyo kwanza unafunga ni kuufungulia usaha mlango. Kama unataka kukaza misuli ya chini, iko njia isiyogharimu senti. Kaa au lala, kaza kama unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, hesabu polepole hadi tano, achia kabisa, rudia mara kumi. Fanya asubuhi, mchana na jioni. Usibane pumzi, usikaze makalio. Kwa mtu aliyezaa mara nne na atakayerudi kubeba mizigo, zoezi hili ni la lazima, na unaweza kulianza leo hii ukiwa unasubiri maharage yaive.

Hapo ndipo tunapofika kwenye machungwa, na kwa kweli ndiyo yananitia wasiwasi kuliko mumeo, kwa sababu mume utamwambia ngoja naye akakusikia, ilhali njaa ya watoto haiambiwi. Unapoinua kitu kizito kutoka chini, mbavu zinabana, tumbo linakaza, na ule mkazo wote unasukuma chini kwenye nyonga na mbele kwenye mshono wa tumbo. Ngozi yako imepona, lakini chini ya ngozi kuna ukuta mgumu mweupe unaoshikilia matumbo, na wenyewe hukawia kupona. Ukiachia, utumbo hupenya ukaja chini ya ngozi. Ndiyo henia ya kovu. Mkato wa kulala kama wako hupata henia kwa nadra kuliko wa kusimama, umebahatika hapo. Ila sakafu ya nyonga haina mkato wa kulala wala wa kusimama: ikilegea, uke huanza kushuka, na hilo huja baada ya miaka, mtu akiwa amesahau alianza lini kubeba mizigo.

Kwa hiyo hadi wiki ya sita, mzigo wako usizidi kilo nne au tano. Chungwa la kawaida lina kama gramu 200, basi machungwa ishirini kwenye mfuko yanatosha. Najua ni mzaha kwa mtu wa kiroba. Baada ya kliniki, kama kila kitu kiko sawa, dumu la lita tano, na ukae nalo wiki mbili. Kuelekea mwezi wa tatu, ndoo ndogo ya lita kumi. Ndoo kubwa ina kilo ishirini za maji matupu. Hiyo, na kiroba, viache hadi miezi mitatu ipite, na hata hapo uanze nusu. Kinu na jembe vihesabu kundi moja na ndoo kubwa. Kusonga ugali wa sufuria dogo unaweza sasa. Lile sufuria la msiba, apewe mwingine mwiko.

Kichwa chenyewe si tatizo. Mzigo ukishakaa vizuri kwenye ngata, tumbo halifanyi kazi kubwa. Hatari ni ile sekunde ya kuunyanyua kutoka chini hadi kichwani. Kwa hiyo hata baada ya miezi mitatu, jizoeze kutwishwa na kutuliwa. Ukikosa mtu, weka mzigo kwanza juu ya kitu cha kimo cha kiuno. Chuchumaa badala ya kuinama, uweke mzigo karibu na mwili, kaza ile misuli ya chini, kisha inuka huku ukitoa pumzi.

Kuuza, hata hivyo, unaweza kurudi baada ya kliniki, kwa saa chache za mchana, ukae kwenye stuli yenye kuegemea, na uinuke kutembea kila nusu saa. Kijana wa mkokoteni alete mzigo kwa hii miezi miwili. Najua atakula sehemu ya faida. Upasuaji wa pili wa henia utakula biashara nzima, na tena utakurudisha kwenye sentensi ile ya "usifanye kazi nzito."

Kutembea nataka utembee tangu leo, kila siku, uongeze kidogo kidogo. Baada ya upasuaji mkubwa damu huwa nyepesi kuganda kwenye mishipa ya miguu, na hatari hiyo huendelea kwa wiki kadhaa, hadi karibu miezi mitatu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au pumzi ikakukatika ghafla pamoja na maumivu ya kifua, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo. Ukilazimika kusafiri kwa basi hadi Dar, shuka kila linaposimama, na kwenye kiti uchezeshe nyayo. Bodaboda kwa barabara za mashambani iache hadi wiki nane. Kama unaswali na kusujudu kunavuta mshono, swali kwa kukaa hadi mvuto uishe.

Kuna jambo moja la mama zetu ambalo lazima nilitaje kwa heshima. Ukiwa na mama au shangazi nyumbani, atataka kukukanda maji ya moto na kukufunga tumbo kwa kanga kama mzazi. Kitambaa kilichofungwa kwa wepesi cha kushikilia tumbo ukikohoa hakina neno. Kufungwa kwa nguvu hadi pumzi inabana kunasukuma kila kitu chini, kule kule tunakokulinda. Na maji ya moto juu ya kovu ambalo bado lina ganzi huunguza bila wewe kusikia. Mwambie asante, akukande mgongo na miguu.

Damu yako nayo isisahauliwe. Miaka mitatu ya kumwaga haijazwi na wiki tano za maini na matembele. Mtu mwenye upungufu wa damu huchoka, moyo humwenda mbio, hamu ya tendo hufa, halafu anasingizia kizazi kilichotolewa. Omba upimwe wingi wa damu, na kama umepewa vidonge vya kuongeza damu, vimeze kwa maji au juisi ya hayo machungwa yako, wala usivimeze na chai, kwa sababu chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Ukishafikia kiwango, endelea navyo miezi mitatu zaidi ili kujaza akiba. Vinafunga choo, na kujikamua chooni ni sawa na kuinua kiroba. Kwa hiyo papai, mboga za majani, na maji ya kutosha kila siku.

Siku ya kliniki nenda na karatasi yako ya ruhusa, na uondoke ukiwa na majibu ya mambo manne: shingo ya kizazi ilitolewa au iliachwa, kwa sababu ikiachwa bado utahitaji kupimwa saratani ya shingo ya kizazi kama wanawake wengine, ovari ziko au haziko, wingi wa damu ni kiasi gani, na majibu ya maabara ya kizazi kilichotolewa yalisemaje. Hili la mwisho hukaa miezi kwenye droo bila mtu kuliulizia. Liulizie, na kama bado, waombe wakuandikie tarehe ya kulifuata.